Ndege bei juu, treni haipo: Sisi wa Eldoret tunachagua nini?

Kijana wa Mombasa akitaka kwenda Nairobi ana shida nzuri. Anakaa na simu yake, anapima: ndege au treni? Ndege ni haraka, treni ni bei nafuu. Akiwa na pesa atapaa, akiwa hana atapanda SGR kwa Sh1,500, atalala kidogo, ataangalia ndovu wa Tsavo dirishani, na jioni yuko Syokimau. Hata akilalamika kwamba nauli ilipanda kutoka Sh1,000 mwezi Januari 2024, na ana haki ya kulalamika, bado ana njia mbili mkononi.

Sasa njoo kwetu Eldoret. Jiji la tano la Kenya, tukapewa hati na Rais mwenyewe Agosti 15, 2024, watu wakacheza barabarani. Muulize kijana wa Langas au Kapsoya swali hilo hilo, ndege ama treni, atakuangalia kama mtu ambaye ameshuka juzi kutoka mwezini. Treni gani, buda? Sisi tuna ndege ya wenye pesa na tuna matatu. Basi.

Nimekuwa nikisoma watu wakibishana mtandaoni kuhusu usafiri gani ni bora kwenda jiji kuu, na wengi wanaongea kana kwamba ni suala la ladha, kama kuchagua kati ya chai na kahawa. Kwa wengi wetu huku si ladha. Ni mfuko, na wakati mwingine ni maisha.

Wacha tuanze na ndege, kwa sababu hiyo angalau ipo. Uwanja wa ndege wa Eldoret ulifunguliwa 1997, enzi za Mzee Moi, na wakati huo ulitukanwa sana. Wafadhili walinuna, magazeti yakauliza ni nani huko mashambani atapanda ndege. Wakasema ni pesa za kutupa. Leo ndege zinatua na kupaa kila siku. Jambojet ilipoanza kazi Aprili 2014 Eldoret ilikuwa kati ya miji ya kwanza kabisa kuhudumiwa, pamoja na Kisumu na Mombasa. Kwa hivyo wale waliosema hakuna abiria walikosea. Abiria wapo. Ni wanariadha wanaoenda kuunganisha ndege za Ulaya, ni madaktari wa hospitali ya rufaa, ni mawakili, ni wafanyabiashara wa mahindi na wa ploti, ni waheshimiwa. Wiki yao haiwezi kupotelea barabarani.

Lakini hebu tupige hesabu ya mtu wa kawaida. Ukikata tiketi mapema, siku ambayo hakuna mtu anasafiri, unaweza kubahatika kupata kitu kama elfu tano. Ukichelewa, ama ikiwa ni Ijumaa, ama shule zinafungwa, bei inaruka mpaka unafunga programu ya simu pole pole kama mtu aliyeona kitu cha aibu. Bado hujafika uwanjani. Uwanja uko kama kilomita 16 nje ya mji, barabara ya kwenda Kapsabet. Teksi hiyo hapo. Ukitua JKIA, teksi nyingine, au utembee na begi mpaka upate matatu ya kwenda tao. Safari ya hewani ni dakika 45 hivi, kweli. Ila ukihesabu kufika mapema, kukaguliwa, kungoja, na jamu ya Mombasa Road, asubuhi yako imekwisha. Na umetumia pesa ambayo kwa msee anayelipa bedsitter ya elfu nne Huruma ni kodi ya mwezi na zaidi.

Sisemi ndege ni mbaya. Kama unayo, paa. Nachosema ni kwamba huwezi kuweka ndege mezani na kusema huu ni usafiri wa vijana.

Ndiyo maana tunarudi steji. Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mambo yako.

Eldoret mpaka Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 310. Siku nzuri ni saa tano na nusu au sita. Nauli siku ya kawaida ni elfu moja na kitu. Siku ya kawaida, nimesema. Ikifika Desemba, ama wikendi ya Pasaka, ama wiki ambayo vyuo vinafunguliwa, hiyo nauli inazaa watoto. Nimewahi kulipa karibu mara mbili ya bei ya wiki iliyotangulia, kiti kile kile, goti langu likiwa limekunjwa mahali pale pale. Uliza mbona, makanga anakwambia "panda ama uache". Utaacha uende na nini?

Halafu wengi wetu tunasafiri usiku. Watu wazima hudhani ni utukutu. Si utukutu, ni hesabu. Ukiwa na mahojiano ya kazi Upper Hill saa tatu asubuhi, na hauna ndugu Nairobi wa kukulaza, na loji ya River Road utalala ukishikilia begi, basi unapanda gari la saa nne usiku, unafika saa kumi alfajiri, unakaa steji mpaka kupambazuke, unaosha uso kwenye choo cha kulipia, unavaa shati safi. Hivyo ndivyo vijana wa huku wanatafuta kazi. Gari la usiku ndilo hoteli yetu.

Na hiyo hoteli inapita wapi? Burnt Forest, Timboroa kwenye ukungu, Mau Summit, halafu ule mteremko wa Sachangwan kwenda Salgaa. Kila mtu wa North Rift anajua hayo majina, na hayajui kwa sababu ya utalii. Januari 31, 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Desemba 31, 2017, basi na lori yaligongana hapo Migaa usiku, watu 36 wakapoteza maisha. Baada ya hapo serikali ikapiga marufuku mabasi ya usiku. Haikuchukua muda magari yakarudi. Yangekosa kurudi vipi? Watu walikuwa bado wanahitaji kufika, na hakukuwa na kitu kingine cha kuwabeba.

Hapo ndipo mimi hukasirika. Kila ajali ikitokea tunaambiwa mwendo wa kasi, madereva wazembe, abiria wanyamaze kidogo. Yote kweli. Lakini hakuna anayeuliza mbona mtu wa miaka 21 alikuwa kwenye barabara hiyo saa nane usiku mwanzo.

Utaniambia barabara inapanuliwa. Ni kweli, Novemba 2025 kazi ya kupanua Rironi mpaka Mau Summit ilizinduliwa, na ikiisha itasaidia. Lakini angalia ramani. Mau Summit si Eldoret. Kutoka hapo bado una Timboroa yote, Burnt Forest yote, kilomita kama mia moja za njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, malori ya Uganda mbele yako na nyuma yako. Tena barabara hiyo mpya itakuwa ya kulipia. Nadhani unajua nani atalipa mwishowe. Mwenye gari ataongeza kwenye nauli, na makanga atakwambia panda ama uache.

Sasa treni.

Watu wa rika letu wengi hawajui, lakini treni ilikuja Eldoret kabla ya lami. Reli ilifika hapa 1924, ikitoka Nakuru na kupanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kabla ya kuteremka kuja kwetu. Ikaendelea Turbo mpaka mpaka wa Uganda, na 1931 ikafika Kampala. Mji huu, ambao wazee bado wanauita Sisibo kwa sababu ya shamba nambari 64, ulikuzwa na hiyo reli. Mahindi yaliondoka kwa reli, ngano iliondoka kwa reli, na watu pia. Ukimpata mzee wa miaka sabini muulize, atakusimulia behewa la daraja la tatu, kuku chini ya kiti, na jinsi treni ilivyokuwa ikihema ikipanda mlima mpaka unaweza kushuka ujisaidie na uikimbilie. Sijui hiyo ya mwisho ni kweli au ni chumvi, lakini kila mzee anayo.

Na reli haijang'olewa. Hili ndilo linaloniuma. Reli iko. Treni ya mizigo bado inapita hapa ikienda Malaba. Kontena linapita Eldoret likiwa limekaa vizuri, halijakunja goti, halilipi mara mbili Desemba. Binadamu ndiye hana nafasi.

Halafu tazama majirani. Treni ya abiria ya Nanyuki ilirudi 2020, juu ya reli ya zamani iliyokuwa imemea nyasi. Desemba 2021 ikawa zamu ya Kisumu. Treni inatoka Nairobi Ijumaa jioni, inalala njiani, Jumamosi asubuhi uko ziwani. Ilipoanza nauli ya chini ilikuwa Sh600. Mia sita! Hiyo treni ya Kisumu hupita Nakuru, halafu pale ambapo reli inagawanyika yenyewe inakata kushoto kwenda ziwani. Ya kulia ni ya kuja kwetu. Ni kama kukaa jikoni unasikia harusi kwa jirani, na ua ni la maua tu.

Najua ubishi utakaokuja, kwa sababu nimeshausikia. Kwamba treni ya reli ya zamani ni polepole. Ndiyo, ni polepole. Ya Kisumu huchukua kama saa kumi na mbili, na ya Eldoret pengine haitakuwa tofauti sana, mlima ni ule ule. Matatu ni nusu ya hapo. Lakini nimeeleza juu kwamba tayari tunasafiri usiku na tayari tunaua saa mbili au tatu tukikaa steji tukingoja mwangaza. Treni ikiondoka saa kumi na mbili jioni na kufika saa kumi na mbili asubuhi, mimi nimepoteza nini? Nimelala. Nimenyoosha miguu. Naweza kwenda chooni bila kumbembeleza dereva asimame. Mama akitaka nimpelekee shangazi gunia la viazi na kibuyu cha mursik, sitapigana na makanga kuhusu bei ya buti.

Ubishi wa pili ni kwamba abiria hawatatosha. Huo ndio ule ule uliosemwa kuhusu uwanja wa ndege. Hapa kuna Moi University kule Kesses, kuna University of Eldoret, kuna Eldoret National Polytechnic, na vyuo vidogo kila ghorofa ya pili mjini. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikikataa kutosha, lakini najua jinsi wiki ya kufungua inavyokuwa. Steji inajaa masanduku na magodoro mpaka barabarani. Kama hao si abiria, basi abiria ni nani?

Ubishi wa tatu una uzito zaidi. Kwamba pesa ziko kwa SGR, na reli ya zamani ni kama kutia viraka suruali iliyoisha. Sawa, tuongee SGR. Ilianza kubeba abiria Mombasa–Nairobi mwaka wa 2017. Oktoba 2019 ikasukumwa mpaka Suswa, karibu na Mai Mahiu, kwa gharama ya kama Sh150 bilioni, ikaishia hapo kwenye malisho ya Wamaasai. Mpango wa kuiendeleza upo, na tangu mwanzo ramani yake inatoka Naivasha, inapita Narok na Bomet, inaenda Kisumu, halafu Malaba. Soma hiyo orodha tena. Eldoret haimo. Wahandisi watakwambia kupandisha reli ya mizigo mizito mpaka Timboroa ni gharama kubwa, na pengine ni kweli. Lakini maana yake kwetu ni kwamba hata SGR ikikamilika yote, mpaka Uganda, jiji la tano la Kenya litabaki kuisoma kwenye habari.

Na tunailipia. Tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli unaokatwa kwenye bidhaa zinazoingia nchini. Raba za mtumba ulizonunua sokoni, simu unayosomea makala haya, vyote vimechangia reli. Duka la Eldoret halina punguzo eti kwa sababu treni haifiki. Sipingi watu wa Bomet kupata treni, waipate, wamengoja pia. Lakini mtu akilipia kitu miaka yote hii ana haki ya kuuliza chake kiko wapi.

Wenzetu Tanzania wamefanya jambo ambalo ningependa viongozi wetu waende walione, na safari hii waende kwa treni si kwa semina. Tangu Julai 2024 treni yao ya umeme inakimbia kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, safari ambayo kwa basi inakula siku nzima sasa ni saa tatu na nusu au nne. Nauli ya kawaida ilianza Sh31,000 za kwao, kama 1,500 zetu. Ghafla mwanafunzi na mbunge wako kwenye chombo kimoja, na ndege ya Dar–Dodoma imepata mshindani. Huko ukimuuliza kijana ndege au treni ana jibu, na pengine jibu lake litakuwa refu. Ufaransa wao walikwenda mbali zaidi, 2023 wakapiga marufuku ndege za ndani kwenye njia ambazo treni inafika chini ya saa mbili na nusu. Wanakatazwa kupaa kwa sababu treni ni nzuri mno! Sisi hatujafika huko kwa shida, wala sitaki marufuku yoyote. Nataka tu kuwa na kitu cha kulinganisha na ndege ambacho hakina usukani na dereva aliyechoka.

Siasa za huku pia zinanishangaza. Moi alitoka upande huu, tukapata uwanja wa ndege. Rais wa sasa ni mtu wa Sugoi, hapa hapa Uasin Gishu, na tumepata hati ya jiji. Asante. Lakini wabunge wetu wakija mazishini wanaongea kuhusu wadhifa, kuhusu 2027, kuhusu nani alimtusi nani. Sijasikia hata mmoja akisimama kuuliza behewa la abiria liko wapi. Pengine ni kwa sababu wao Ijumaa huonekana pale uwanja wa ndege. Na sisi vijana pia hatujauliza. Tulifurika barabarani Juni 2024 kuhusu ushuru, na tulikuwa sawa, lakini Mswada wa Fedha ukisoma vizuri ni pamoja na hii: pesa inatoka kwangu, inarudi wapi?

Ninachotaka si kikubwa. Sihitaji treni ya risasi, wala SGR ya mwaka kesho. Shirika la Reli lina mabehewa, lina reli inayofika stesheni yetu, lina mfano wa Kisumu. Wafanye treni moja ya wikendi: itoke Eldoret Ijumaa jioni, irudi kutoka Nairobi Jumapili usiku. Wajaribu miezi sita, ikijumuisha Desemba na wiki za kufungua vyuo, na watangaze ni watu wangapi walipanda. Kaunti ipake rangi stesheni, iweke taa na choo, maana sasa hivi ukipita hapo usiku unatembea haraka. Bajeti ya kaunti hupitia vikao vya maoni ya umma kila mwaka, na vikao hivyo huwa na viti vitupu na wazee wachache waliofuata soda. Kile kijacho mimi nitaenda, na nitauliza swali moja tu, kuhusu stesheni. Kama uko Pioneer, Munyaka, Kimumu, Annex, ama unasoma Kesses, njoo ukae karibu nami. Soda ipo.